Kufuli la Bustani ya Makopo

Mwaka ule joto lilikuja na hasira zake. Mwanzoni watu walilichukulia kama utani, wakafungua madirisha, wakalalamika kidogo kama kawaida yao. Halafu likakaa. Asubuhi tu, kabla hata hujamaliza chai, vyuma vya ngazi havishikiki. Mbwa wa mtaa walilala chini ya magari, na hata ungepita na fungu la nyama hakuna ambaye angenyanyua kichwa. Na juu ya jengo moja la ghorofa tano, kwenye paa la zege, mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa akipigana na jua hilo kila siku ya Mungu kwa ajili ya majani.

Wapangaji walimwita Bi Nanaa. Mumewe alikuwa na kibanda cha kutengeneza saa pale chini ya jengo, kando ya saluni, na yeye walimwita Fundi tu. Ninayetaka kumweleza ni huyu Fundi, maana yaliyotokea ni kazi ya mikono yake, na sitaki mtu aje kuniambia eti ni joto. Joto lilikuwapo kwa wote.

Bustani yenyewe ilikuwa ya makopo. Makopo ya rangi, madebe, ndoo zilizopasuka mdomo, hata beseni moja la kufulia lililotobolewa chini. Humo mlikuwa na nanaa kwa wingi, mrehani, giligilani, mchaichai na rozimari. Bi Nanaa alikuwa ameyapaka makopo yote chokaa, kwa sababu kopo jeusi, alisema, ni sufuria, na mzizi ukiwa ndani ya sufuria unapikika. Aliyapandisha juu ya matofali ili yasigusane na zege. Aliyasogeza yakabanana, majani yakatiana kivuli, na yale ya pembeni akayafunga magunia aliyoyalowesha maji. Juu ya udongo alitandaza nyasi kavu, na juu ya yote akafunga neti ya kivuli, upande mmoja kwenye ukuta wa tangi la maji na upande mwingine kwenye nguzo ya zamani ya antena.

Alikuwa na sheria zake, na ole wako uzivunje. Maji ni alfajiri, tena mengi, mpaka yachuruzike kwenye matundu ya chini. Si kunyunyizanyunyiza kama mtu anayebariki. Kabla ya kumwagilia, unachomeka kidole kwenye udongo: kikitoka na unyevu, liache kopo lipumzike. Mrehani ukianza kuinua kichwa cha maua, unakikata siku hiyohiyo, la sivyo mti unajiona umeshamaliza kazi na majani yanakuwa magumu na machungu. Giligilani ndiyo kabisa, joto likiipiga tu inakimbilia maua, kwa hiyo alikuwa akipanda nyingine kila mara kwenye beseni la kivulini. Rozimari peke yake ilikuwa haijali. Hiyo aliiita mjane tajiri, kwa sababu haikuhitaji kitu kwa mtu.

Fundi aliwahi kujaribu kusaidia. Siku moja saa za jua kali alimwonea mkewe huruma, akapanda juu akachukua mpira wa maji uliokuwa umelala juani tangu asubuhi, akayapiga makopo yote maji. Yale maji yalikuwa yanatoka moto kama ya kunyonyolea kuku. Kesho yake safu nzima ya nanaa ilikuwa imenyong'onyea na kuwa nyeusi. Bi Nanaa hakumgombeza. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha kwa wiki nzima kila aliyepita aliambiwa kwamba mume wake anajua kupika. Fundi alicheka na wenzake, lakini ndani alikereka, na tangu siku hiyo hakupenda hata kuyatazama yale makopo.

Angekereka tu yakaisha, tusingekuwa hapa. Tatizo lilikuja siku Bi Nanaa alipoanguka. Alikuwa juu mchana, akibadilisha magunia, kizunguzungu kikamkamata, akaenda chini na kopo la mrehani mkononi. Ilikuwa bahati tu kwamba mtu alikuwa amepanda kuanika nguo. Daktari wa zahanati alimpima, akamwita Fundi pembeni, akamweleza bila kuzungukazunguka. Presha hii ya mama na jua hili haviendi pamoja. Akianguka tena kule juu na akakosa wa kumwona mapema, mtamzika.

Fundi alirudi nyumbani na neno hilo limemkaa kichwani. Walikuwa wawili tu. Binti yao aliolewa mbali, na ile nyumba ya vyumba viwili, ukimtoa Bi Nanaa ndani yake, ilibaki kuta. Alimbembeleza mkewe, akaapishana naye, na mkewe akakubali: atapanda alfajiri, atashuka kabla ya watu kwenda kazini, basi. Alikubali kwa mdomo. Kwa miguu aliendelea kupanda. Leo amesahau mkasi, kesho upepo umefunua neti, keshokutwa anataka kuchungulia tu. Fundi akiwa kibandani, ameinamia saa ya mtu, alikuwa akisikia kandambili zake kwenye ngazi, pa-pa-pa, na skrubu inamponyoka.

Na tuseme kweli yote. Hofu ilikuwapo, lakini na wivu ulikuwapo. Unakaa na mtu miaka yote hiyo, halafu anakuwa tayari kufa kwa ajili ya giligilani? Hilo Fundi lilimuuma, ingawa asingelisema hata ungemkaba.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Asubuhi waligombana kwa sababu ya shati. Shati lake la mikono mirefu, bado zima, alilikuta limetandazwa juu ya beseni la giligilani changa. Bi Nanaa akamwambia shati lina kola imechakaa, na mche una siku chache tu duniani, nani mwenye haki ya kivuli? Siku nyingine Fundi angecheka. Siku hiyo alivaa koti lake la kazi, akashuka bila kuaga.

Mchana alipopanda kula, nyumba ilikuwa kimya. Mlangoni kandambili za mkewe zilikuwa zimekaa sambamba, vizuri. Viatu vyake vya ngozi vya kutokea havikuwapo. Na kikapu hakikuwapo. Fundi hakuhitaji kuambiwa zaidi: kila Ijumaa Bi Nanaa alipeleka nanaa kwa mpishi mkuu wa hoteli moja ya mtaa wa pili, na viatu vile vya ngozi vilikuwa havitoki chini ya kitanda ila kwa hoteli, msiba au hospitali. Paani alikwenda na kandambili sikuzote. Kwa hiyo ametoka. Kwa hiyo juu hakuna mtu.

Ndipo wazo likamjia, na likampendeza sana. Ufunguo wa mlango wa paa ulikuwa mmoja tu, wa msimamizi wa jengo ulipotea zamani, na Bi Nanaa alikuwa na tabia ya kuuacha kwenye kufuli, linaning'inia wazi kwenye komeo. Fundi akapanda ngazi ya mwisho. Kweli, mlango wa chuma ulikuwa umerudishwa tu, kufuli linaning'inia, ufunguo ndani yake. Akaguna. Angesukuma mlango ule kidogo tu, kwa kidole kimoja, angeona. Lakini kuyaona yale makopo ndiyo kitu ambacho hakukitaka, na viatu vilikuwa vimeshamwambia kila kitu. Akakohoa kidogo, vumbi la ngazi lile. Akasukuma komeo, akabana kufuli, akatia ufunguo katika mfuko wa koti. Akirudi hatanipata mimi wala ufunguo, aliwaza. Atakasirika leo na kesho, lakini atakuwa hai.

Akashuka amefurahi. Wallahi, amefurahi. Akala kiporo, akachukua sanduku la vifaa, akaenda zake kwenye ofisi moja upande wa pili wa mji, ambako saa kubwa ya ukutani ilikuwa imesimama na wenye ofisi wakawa wanachelewa kutoka kazini bila kujua.

Alikuwa juu ya ngazi ya mbao, mikono imo ndani ya saa, simu ilipolia. Ni mpishi mkuu, akiuliza kwa heshima kama mama anaumwa, kwa sababu nanaa haijafika na wageni wanakaribia. Fundi akamwambia ametoka zamani, yumo njiani. Mpishi akasema ajabu, huku si mbali. Fundi akajibu kwa mzaha, eti labda amekutana na shoga yake, unawajua wanawake wakikutana. Akakata simu, akarudia kazi yake. Lakini hakumaliza hata skrubu moja.

Akampigia mkewe. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, hivyohivyo. Akampigia msusi, yule dada wa saluni iliyo kando ya kibanda chake, akamwomba apande kutazama, mlango wao haufungwi. Akangoja juu ya ngazi, simu sikioni, akisikia pumzi za msusi zikipanda ghorofa moja baada ya nyingine. Msusi akamwambia ndani hakuna mtu. Simu ya mama iko kitandani. Kandambili ziko mlangoni.

"Na viatu vyake vya ngozi havipo, sivyo?" Fundi aliuliza. "Basi ametoka."

Msusi akacheka kidogo, akamwambia ah, viatu hivyo si vya kutoka siku hizi. Asubuhi mama alipita saluni akamwonyesha nyayo zilivyomvimba, akasema zege la juu limeyeyusha soli za kandambili, kuanzia leo anapanda kwa viatu vya ngozi, mumewe akitaka na aseme. Na mchana huu alimwona akipanda navyo, na kikapu mkononi, anasema neti imeanguka na anakwenda kuifunga mara moja kabla hajaenda hotelini.

Fundi hakumbuki alivyoshuka ile ngazi. Wenye ofisi walisema baadaye kwamba aliruka. Alichokumbuka ni kwamba mkono wake uliingia mfukoni wenyewe ukakuta ufunguo, na ufunguo ulikuwa wa moto kwa sababu ya mwili wake.

"Panda juu," alimwambia msusi. "Gonga mlango wa paa. Gonga sana. Kufuli limefungwa, yumo ndani."

"Nani kafunga?"

"Gonga, dada yangu."

Alikimbia. Mtu wa umri wake, goti moja bovu, katika jua lile, na simu sikioni. Alisikia msusi akigonga chuma kwa kiatu. Alisikia akiita, mama, mama, Bi Nanaa. Halafu kimya, na nyuma ya kimya pampu ya maji ikiunguruma, pampu ileile inayounguruma mchana kutwa na kumeza kila sauti ya kule juu. Msusi akasema hajibu. Akasema labda hayumo. Akasema tena, kwa sauti nyembamba, kwamba kwenye upenyo wa chini ya mlango anaona kikapu.

Pikipiki ya kwanza haikusimama. Ya pili ilisimama, na dereva alipomtazama usoni hakuuliza kitu, akaikanyaga. Njiani Fundi alipiga hesabu za kijinga. Tangu chakula cha mchana mpaka sasa. Alikula taratibu, hata akaramba kijiko. Alipita kwa jamaa anayeuza betri za saa akapiga soga. Kila alichokifanya kwa raha mchana ule sasa kilirudi kumsuta: wakati unaramba kijiko, yeye yuko wapi? Wakati unapiga soga, yeye yuko wapi?

Alipofika, ngazini mlikuwa na watu. Msusi alikuwa amempata msimamizi wa jengo, na msimamizi alikuwa akilipiga kufuli nyundo, jasho linamwagika, huku msusi akimtukana kwamba ni yeye aliyefunga bila kuangalia, mtu gani huyu asiye na macho. Msimamizi alikuwa akiapa kwa mama yake mzazi kwamba hana ufunguo wa mlango ule. Kufuli lilikuwa zito, halikubali. Fundi alilinunua mwenyewe.

Alipenya katikati yao, akatoa ufunguo mfukoni mwa koti, mbele ya macho yao wote. Msimamizi akashusha nyundo. Msusi akamtazama, na Fundi alijua kwamba mtazamo ule atakwenda nao kaburini. Ufunguo ukagonga pembeni mara nyingi kabla haujaingia.

Jua lilimpiga kama kofi. Neti upande mmoja ilikuwa imefungwa upya, fundo zuri, upande wa pili ilikuwa imelala chini. Makopo yalisimama wazi, bila magunia yake, na nanaa yote ilikuwa imeinama. Bomba la tangi lilikuwa halitoi kitu, maana tangu joto lizidi msimamizi alilifungia maji kutoka chini kila mchana, na kopo la kumwagilia lilikuwa limelala ubavu, kavu kabisa. Bi Nanaa hakuonekana.

Alikuwa chini ya meza. Ile meza ya mbao aliyopangia makopo madogo, ameingia chini yake, amejikunja, na magunia yote ya makopo amejifunika kichwani na kifuani. Yalikuwa yameshakauka. Viatu vya ngozi vilikuwa miguuni. Viganja vyake vilikuwa vyekundu, vimetoka malengelenge, na Fundi hakuelewa kwa nini mpaka alipokumbuka mlango ule ni wa chuma, na ulishinda juani.

Akamwita jina lake, lile la usichana ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Macho yakafunguka kidogo, yakafungika. Alikuwa anapumua.

Walimbeba wakamlaza ngazini kwenye kivuli. Msusi ndiye aliyejua la kufanya: akamlegeza nguo, akamwekea vitambaa vya maji shingoni na kwapani, akamtia maji mdomoni kidogokidogo kwa kijiko. Fundi alipotaka kummiminia kikombe kizima, msusi akaupiga mkono wake. Wakamshusha kwa kiti mpaka chini, wakampeleka zahanati. Daktari alikuwa yuleyule. Alimtazama Fundi mara moja tu na hakumwambia kitu, na Fundi alitamani amtukane.

Jioni walimruhusu kuingia. Bi Nanaa alikuwa na mrija wa maji mkononi na viganja vimefungwa bandeji, midomo imepasuka, lakini rangi ilikuwa imerudi. Kitu cha kwanza alichouliza ni nanaa. Fundi akasema imelala yote, lakini msusi anataka kupanda kuimwagia sasa hivi.

"Asithubutu," Bi Nanaa alisema. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwingine, inakwaruza. "Zege bado lina moto. Mwambie asubiri lipoe, giza likianza. Amwage polepole mpaka maji yatoke chini. Halafu kesho uikate, yote, uache vidole viwili juu ya udongo. Usiionee huruma. Itachipua."

Fundi akaitikia. Akakaa. Tangu kule ngazini alikuwa akitunga maneno. Mengine yalikuwa ya kweli, mengine hayakuwa. Kulikuwa na moja kuhusu upepo, na moja kuhusu msimamizi, na alikuwa amelichagua moja, hata sijui lipi, na nafikiri yeye mwenyewe hakujua lingetoka lipi.

"Mke wangu," alisema, "ule mlango..."

"Nilikusikia."

Fundi akamtazama.

"Nilikuwa nyuma ya tangi, nafunga neti," Bi Nanaa alisema. "Nikasikia miguu yako. Nikasikia ukikohoa, kile kikohozi chako. Halafu kufuli."

"Sasa kwa nini hukuniita?" Ilimtoka kwa nguvu kuliko alivyotaka, karibu kama ugomvi. "Ungeniita! Neno moja tu!"

Bi Nanaa alifikiri, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hakuwa amekiona kuwa swali.

"Kwa kuwa ni wewe," alisema. "Angekuwa mtu mwingine ningepiga kelele mpaka mtaa mzima upande juu. Lakini nilijua ni wewe, nikatulia. Nikasema moyoni, amenikasirikia ya shati, atarudi sasa hivi. Nikaendelea na neti yangu." Akameza mate, na kumeza kulimuuma. "Ilipofika kutaka kuita, sauti ikawa haitoki. Nikagonga kidogo. Nikarudi kivulini kukungoja."

Hakuna neno hata moja kati ya yale aliyoyatunga lililofaa mahali popote. Alitaka kumshika mkono, viganja vilikuwa na bandeji, akamshika kifundo cha mkono, pale juu kidogo, akakishika hivyohivyo na kulia, mpaka muuguzi alipokuja kumwambia muda umekwisha.